Jogoo Mwenye Jicho Moja

"Hiki kitenge kimeshazaa mara ngapi, Mama Tiyamike?"

Malita, mfagiaji wa wodi, ndiye aliyeitwa hivyo kwa jina la mwanawe. Alikuwa amelikumbatia dekio lake kifuani kama mlinzi aliyenyimwa risasi, maji yakichuruzika miguuni pake, juu ya sakafu aliyotoka kuipiga deki sasa hivi. Matroni Nyirongo, mkuu wa wauguzi, alikuwa amekiinua kile kitenge kwa ncha za vidole viwili, jinsi watu wa kwao kaskazini wanavyomwinua panya aliyekufa. Huku kwetu panya huinuliwa kwa heshima zaidi, maana ni kitoweo.

"Nauliza kwa sababu nakifahamu," Matroni akaendelea. "Jumatatu kilikuwa na mama mmoja wa milimani. Alhamisi ya wiki iliyofuata kikawa na mwingine, wa kule mashamba ya tumbaku. Nikasema moyoni, kitambaa hiki kimenunuliwa sana mwaka huu. Leo nimeliona jicho."

Kitenge chenyewe kilikuwa cha manjano, kimejaa majogoo wekundu waliobenua vifua. Mmoja wao, karibu na pindo, alikuwa na jicho la kushonwa, kiraka kidogo cha uzi wa kijani, kwa kuwa siku moja pasi ya mkaa ilimtemea cheche likatoboka la awali. Mtu akishamwona jogoo huyo mara moja, hamsahau.

"Basi huyo ni jogoo mwenye bidii, Matroni," Malita akasema hatimaye. "Wenziwe wanawika tu."

Matroni hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu kama fimbo ya kuchungia, na tangu ahamie hospitali ya Kalikonde, huu ukiwa mwezi wake wa kumi, hakuna aliyeweza kuapa kwamba ameyaona meno yake yote. Walikuwa wamesimama katika stoo ya mifagio, upande wa nyuma wa chumba cha kujifungulia, na katikati yao sanduku la bati lilikuwa limeachama kama mdomo wa mtu aliyefumaniwa. Ndani mlikuwa na vitenge vingine sita, beseni mbili, vipande vya nailoni nyeusi na nyembe ambazo hazijafunguliwa. Sanduku hilo lilikaa nyuma ya ndoo kwa miaka ishirini na saba. Matroni wanne walikuja wakaenda wasilione, kwa sababu hao wanne hawakuwahi kukanyaga stoo ya mifagio. Nyirongo alikanyaga kila mahali. Wafanyakazi walisema anakagua hadi tundu za funguo, na kwamba mende wa Kalikonde walipomsikia anahamia walifunga mizigo wakaomba uhamisho.

Sasa, orodha ile kila mwanamke wa pande hizi anaijua kabla hajajua kusonga nsima: vitenge vipya vitatu, beseni, nailoni ya kutandika, wembe. Hakuna serikali iliyoiandika, na kujifungua ni bure, lakini wazazi ni wengi kuliko mashuka, kwa hiyo tangu enzi za bibi zetu mja mzito huja na vyake. Shida haikuwa orodha. Shida ilikuwa aibu. Kwetu, kumfunulia mgeni furushi lenye kitenge kilichochakaa ni sawa na kuingia kanisani na matiti nje. Hivyo asiye nacho hasemi hana. Husema tu kwamba siku hazijatimia, akajikalia nyumbani, na siku zikamtimilia huko huko jikoni.

Na asubuhi ile Matroni alikuwa ametoa amri mbili. Ya kwanza, sanduku na vyote vilivyomo viende kwenye tanuri la kuchomea taka. Ya pili, saa nne kamili atapita nyumba ya kungojea, wanapolala wajawazito wanaotoka mbali, akague furushi moja moja, asikute tena nguo ya kuazima.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Malita akatupa jicho dirishani.

Huko nje, kwenye uwanja wa mpira, wanawake wawili walikuwa wanaondoka. Wa mbele ni kikongwe mwenye furushi kichwani, anatembea kama aliyechokoza nyuki. Wa nyuma ni msichana mfupi, tumbo limemtangulia hatua mbili. Huyo alikuwa Tisunge, mimba yake ya kwanza, na yule kikongwe ni bibi yake, Dailesi, aliyekuja kumpikia na kumlinda. Walikuwa wamekaa nyumba ya kungojea wiki tatu. Kadi ya Tisunge ilikuwa na alama mbili nyekundu, moja ya ufupi na moja ya damu kupungua. Tabibu mwenyewe ndiye aliyezichora, akamweleza polepole kwamba mwenye alama mbili hazalii ng'ambo ya mto. Huko hakuna damu ya kumwongeza, hakuna kisu, kuna mbuzi tu na nia njema.

Alfajiri Bibi Dailesi alikuwa amemvuta Malita pembeni ya bomba, akamnong'oneza kwamba furushi analozunguka nalo wiki zote hizo lina magunzi ya mahindi, ameyafunga vizuri lionekane limenona. Malita akamwambia atulie. Kabla ya saa nne jogoo atakuwa ameingia furushini. Na sasa jogoo alikuwa ananing'inia kwenye vidole vya Matroni, na Tisunge na alama zake mbili alikuwa anaelekea mtoni.

Malita akaomba apewe dakika tano. Matroni akasema dakika tano za Malita sasa anazijua, ndizo zilizokizalisha kitambaa hiki. Asibanduke mpaka aseme ni nani aliyempa ruhusa.

"Ruhusa sikupewa," Malita akasema. "Nilipewa kitenge."

Ikabidi aeleze, na maelezo ya Malita hayajawahi kuwa mafupi.

Mwaka aliobeba mimba yake ya kwanza, mvua ilinyesha mpaka vyura wakahamia juu ya miti na kambale wakawa wanapita barabarani wakipeana njia na watu. Kwa desturi yetu binti yuko chini ya mjomba wake, kaka wa mama. Mume ni mgeni aliyekuja na jembe lake, na hata uchungu ukianza, mjomba ndiye wa kusema mtu apelekwe hospitali. Mjomba wa Malita alikuwa mzito wa kuamua. Ungemuuliza kama jua limechomoza, angeomba umpe mpaka kesho. Malita akaugulia siku mbili. Mama yake naye, kila majirani wakiuliza, alijibu kwamba siku hazijatimia, kwa kuwa nyumba nzima haikuwa na kitenge ambacho hakijabeba kuni. Siku ya tatu mumewe, mtu mpole aliyekuwa akiomba ruhusa hata ya kukohoa, alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni bila kumuuliza mtu, akampakia mkewe juu ya nyasi, wakaondoka mvua ikiwapiga. Inasemekana mjomba alifikia uamuzi wiki iliyofuata.

Kalikonde ya wakati ule siyo hii. Wazazi walilala wawili kitandani, mmoja kichwani mmoja miguuni, na wa tatu mvunguni. Kitoto kimoja kikilia, matiti sita yanavuja. Maji yalichotwa mtoni. Taa ilikuwa moja, inamfuata muuguzi kama mbwa wake. Muuguzi mwenyewe aliitwa NyaGondwe, mtu wa kaskazini kama huyu Matroni, lakini mnene na mwenye ulimi wa pilipili. Alimkaripia Malita kutoka mlangoni hadi kitandani: siku zote hizo nyumbani alikuwa anangoja nini, askofu aje ambariki? Kisha akasema, lete kitenge. Malita akageukia ukuta. Akasema tena, lete. Hapo Malita akaanza kulia, na si kwa uchungu wa uzazi.

NyaGondwe akamtazama. Kisha akafungua kitenge alichokuwa amejifunga mwenyewe kiunoni juu ya sare, kipya, chenye majogoo, bado kinanuka duka, akakitandika. Mtoto alipotoka alikuwa kimya, rangi ya majivu. NyaGondwe akamfuta, akampulizia pumzi, akamsugua mgongo kwa kitenge kile huku akimtukana kwa Kitumbuka, kwa muda ambao maharage yangeiva hadi yaungue. Halafu mtoto akalia. Malita mpaka leo huapa kwamba sauti ile ya kwanza ilikuwa ya jogoo, na ukimbishia mtagombana. Wakamwita Tiyamike, ndiyo kusema tushukuru. Siku hizi ana ndevu na anaendesha lori la mbolea, na kila akipita mbele ya hospitali hupiga honi mara tatu mpaka wagonjwa wa presha wamlalamikie.

Kitenge hakikudaiwa. NyaGondwe alisema tu kifuliwe, apewe mwingine asiye nacho. Mwezi uliofuata akahamishwa, na Malita hakupata kumwambia asante iliyomtosha. Asante iliyomkosa mwenyewe ni kama maziwa yaliyomkosa mtoto: yanajaa, yanauma, lazima yakamuliwe mahali. Kwa hiyo Malita akaja kuomba kazi ya usafi pale pale. Akakifua kitenge, akampa asiye nacho. Kikarudi, akafua tena.

Kurudi kwenyewe kulikuwa kazi. Mama mwingine akishajifungua hutoka hospitalini amemfunika mtoto kwa kitenge kile, mbele ya wakwe waliokuja kumpokea, na huwezi kumwambia hapo getini akivue. Basi Jumamosi Malita alivaa gauni lake la kanisani akaenda hadi kijiji cha huyo mama, eti kumsalimia mtoto. Wakampa nsima na majani ya maboga yaliyotiwa unga wa karanga, akala, akasifu pua ya mtoto kwamba ni ya upande wa baba, wakwe wakafurahi. Wakati wa kuagana, yule mama alimsindikiza nyuma ya nyumba, na Malita akarudi amenenepa kiunoni bila mtu kujua. Mwaka mmoja alikifuata hadi mpakani na Msumbiji, na askari wa zamu, anavyosimulia mwenyewe, alimpigia saluti jogoo akidhani ni nembo ya serikali. Baadaye wanawake waliopona wakaanza kuleta vyao kwa siri, kimoja kimoja. Ndivyo vikafika saba.

Matroni alikuwa ameshusha mkono, lakini uso haukushuka.

"Mama," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, "nilikotoka walizaliwa mapacha. Wazima, wana kelele. Wakafungwa kitenge cha jirani kilichosuuzwa kwa maji baridi. Siku ya sita vitovu vilikuwa vimeoza. Mimi ndiye niliyewafunika wote wawili. Sitafunika wengine kwa ajili ya huruma ya mtu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na si vizuri kumcheka. Kwa mara ya kwanza Malita akaona kwamba yale macho makali, yanayopita mvunguni na darini, yalikuwa yanatafuta watoto wawili.

Akaliegemeza dekio ukutani. Akamwambia Matroni kwamba kuna jambo alikuwa hajamwambia, kwa sababu haifai mfagiaji kumsifu mkubwa wake, itaonekana anaomba siku ya mapumziko. Bomba za wodi hii zilikuwa mapambo kwa miaka tisa. Yeye Matroni ndiye aliyewakalia watu wa maji mlangoni mpaka zikatema. Taa za jua juu ya paa, yeye. Kabati la damu lenye baridi, ambalo sasa lina damu kweli na si soda za madereva, yeye. Kitanda kimoja mzazi mmoja, yeye. Mabibi wa banda la wasindikizaji wanamwita Kimbunga, ni kweli, lakini wakisali jioni wanamtaja kwa jina alilobatizwa.

"Sikuombi unisamehe," Malita akasema. "Nakuombea hata usiponisamehe. Ila usiseme nasuuza. Mimi sisuuzi."

Akamweleza. Nyuma ya jiko kuna pipa lake. Kitenge kikitoka kitandani kinalazwa kwenye maji ya chumvi, kinafuliwa kwa sabuni, kinachemshwa kwa maji ya majivu mpaka majogoo wanaomba poo. Kinaanikwa kwenye waya juani, kamwe si juu ya majani, kwa sababu ya wale nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi na kumwachia mtoto funza. Halafu pasi ya mkaa, mbele na nyuma, hadi kwenye mishono. Jogoo alipoteza jicho kwa ajili ya hizo pasi. Kisha vinakunjwa ndani ya sanduku la bati ambalo mende hawezi kulitoboa, labda awe na bisibisi.

"Nani alikufundisha hayo?"

"Hakuna. NyaGondwe aliniambia nikifue, hakuniambia vipi. Nikafua kwa woga."

Matroni akakinusa. Kilinuka mkaa na sabuni. Akakigeuza nje ndani akitafuta doa, mtu wa kukagua haachi kukagua, na vidole vyake vikakwama kwenye pindo. Akakisogeza dirishani. Pindo lote, mwanzo hadi mwisho, lilikuwa na mishono midogo ya uzi wa kijani, imesimama sambamba kama miche ya tumbaku kwenye kitalu.

"Na hii ni nini?"

"Watoto."

Matroni akatembeza kidole. Alihesabu kwa midomo bila kutoa sauti, akapotea, akaanza upya. Akauliza wako wangapi. Malita akasema hesabu yake inaishia mia. Akifika mia hugeukia pindo la upande wa pili, na sasa yuko upande wa pili.

"Hapa pana nafasi," Matroni akasema. "Na hapa. Uliruka?"

"Hao hawakulia, Matroni. Nimewaachia mahali pao."

Kidole kikaendelea. Nafasi zilikuwa nne, zote upande wa kwanza na mwanzoni mwa wa pili. Baada ya hapo mishono ilikwenda mfululizo, imebanana, mpaka pale uzi ulipoishia. Matroni akauliza huu mfululizo ulianza lini.

"Hapo," Malita akagusa mshono mmoja, "ndipo ulipokuja wewe."

Upande wa pili wa ukuta mtoto wa jana alikuwa analia kwa uchoyo, na bibi fulani anamwimbia kwa sauti mbovu. Matroni alikikunja kitenge. Hakukitupa kwenye rundo la kuchomwa. Hakukirudisha sandukuni pia. Alikishika tu, na Malita akaona kwamba hapa ndipo pa kusema, abaki na kazi au aikose.

"Na leo, Matroni, kuna mshono mmoja umeondoka zake uwanjani, na furushi la magunzi."

Ilibidi aseme mara mbili ndipo Matroni akaelewa. Akamtajia Tisunge, alama mbili, ng'ambo ya mto. Akamweleza furushi lilivyofungwa, na amri ya saa nne ilivyofika nyumba ya kungojea kabla ya uji. Matroni akaenda dirishani kwa hatua moja. Dirishani palionekana mbuzi wawili na goli la karibu tu.

"Nilitaka waje na nguo safi," akasema. "Nilijua wakikaguliwa watajitahidi."

"Wenye nazo wanajitahidi. Wasio nazo wanaondoka kabla hujafika. Ndiyo maana kila ukikagua unakuta mambo mazuri."

"Kwa nini hakuja kuniambia hana? Mlango wangu uko wazi."

"Mwanangu," Malita akasema, na neno lilimtoka kabla hajakumbuka vyeo, "wewe ungemwambia nani kwamba huna nguo ya kumpokelea mtoto wako?"

Matroni alimwita mlinzi kupitia dirisha, akamwamuru achukue ile baiskeli yenye machela, afuate njia ya mtoni, asirudi mikono mitupu. Mlinzi akauliza kama anaweza kumalizia chai. Matroni akamtazama, na chai ikajimalizia yenyewe. Lakini baiskeli ilikuwa na pancha. Walimsikia akiipiga pampu huko nje, na upepo ukitoka upande wa pili, na kila alipopiga pampu Malita alihesabu hatua za Tisunge: sasa wako kwenye mibuyu, hapana, msichana mwenye tumbo lile hawezi kwenda haraka hivyo, sasa wako kwenye kinu cha mahindi, wakishuka bonde tu, basi, huko hata baiskeli hushuka haipandi.

Matroni alikuwa anazunguka ndani ya stoo ile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aligusa beseni. Aligusa nyembe, akasoma tarehe zake, ziko sawa. Akauliza pipa la kuchemshia linachukua vitenge vingapi kwa mara moja. Malita akasema vinne, vikibanana vitano. Akauliza ikiwa vingekuwa thelathini. Malita akasema kwa thelathini angehitaji mapipa matatu, waya mrefu, na mtu mwingine wa pasi, maana yeye mwakani anastaafu na mgongo wake umestaafu tangu mwaka juzi.

"Na aibu je?" Matroni akauliza. "Nikiweka vya hospitali hadharani, vyote sare, si watasema hivyo ni vya maskini?"

Malita akafikiri. Hilo lilikuwa swali la mtu aliyesikia, na lilistahili jibu la kweli. Akasema dawa ni moja: apewe kila anayeingia, mke wa chifu na mke wa mchunga mbuzi, kabla hajafungua furushi lake. Furushi likae limefungwa. Likiwa na hariri, likiwa na magunzi, hakuna atakayejua.

"Kila anayeingia," Matroni akarudia, polepole, kama anayeonja mboga. Akainama, akalifunika sanduku la bati, akalisukuma kwa mguu, si kuelekea mlango wa nje, wala si nyuma ya ndoo lilikotoka. Akalisukuma hadi kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia, hapo wazi, mahali pa kujikwaa. Akanyooka, akakirekebisha kitenge mkononi.

"Mama Tiyamike, nisikilize vizuri. Kuanzia leo, sanduku hili..."

Mlango wa nje ukasukumwa kwa kiwiko. Bibi Dailesi aliingia kinyumenyume, furushi limemlegea kichwani, magunzi yakidondoka moja moja juu ya sakafu iliyopigwa deki. Alikuwa anamvuta Tisunge kwa mikono yote miwili. Msichana alikuwa ameuma ncha ya kitambaa cha kichwani, jasho linamtiririka, na nyuma yake kutoka uwanjani palikuwa na mstari wa maji ambao haukutoka kwenye ndoo ya Malita. Yule bibi hakusalimia. Alimtazama Matroni usoni kama mtu aliyelima naye shamba moja.

"Nimemwambia twende nyumbani, hatuna nguo," akasema. "Tumefika kwenye goli la pili, akakaa chini. Kitukuu changu huko tumboni kinasema chenyewe kitakuja hivi hivi, uchi."

Matroni alikuwa tayari ameingia chumba cha kujifungulia na kukikung'uta kitenge, majogoo wakaruka hewani na kutua kitandani, yule wa jicho moja juu. Alimpokea Tisunge kwapani, akamwambia apumue, mama, pumua, umefika. Kisha bila kugeuka akamwambia Malita akawashe moto wa pipa, na Malita akaanza kuokota magunzi.